Kisa cha Castory Mziba Pancha na Hewa Iliyojificha Tumboni mwa Abrahamu

Sogeeni, enyi watu wa Nguvumali na wa Chumbageni, nanyi mnaopita barabara ya Horohoro mkiwa na haraka zenu. Shusheni mizigo, zimeni pikipiki, na anayetafuna na ameze kwanza, kwa maana habari inayotolewa hapa si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya vita vilivyopiganwa siku ya Jumanne, baina ya saa nane na saa tisa alasiri, katika nyumba ya vyumba viwili yenye bati jekundu, ambamo adui hakuonekana kwa macho, hakuwa na mkuki wala ngao, na bado aliwatoa jasho watu wazima watatu waliokwisha kula chakula chao cha mchana.

Shujaa wa vita hivyo alikuwa Castory mwana wa Abrahamu, fundi wa baiskeli, mziba pancha, mfariji wa matairi, yeye ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, akiwa bwana wa pumzi zote zilizoingia na kutoka katika tyubu za mtaa ule. Mkewe alikuwa Devota, mwenye subira nyingi na usingizi mchache. Na mtoto wao, aliyepewa jina la Abrahamu kwa heshima ya babu yake, alikuwa na umri wa siku kumi na sita, na katika siku hizo zote hakuwa ametenda neno lolote duniani ila kunyonya, kulala, na kuchafua nepi kwa bidii isiyopungua.

Basi Jumanne hiyo, alipokwisha kunyonya, Abrahamu alikunja miguu hata magoti yakakaribia kitovu, akafumba ngumi zake mbili, akaiva uso kama nyanya ya Lushoto, akalia. Hakuwa na homa, wala hakulikataa ziwa. Lakini tumbo lake lilikuwa limewambwa kama ngoma, na kilio chake kilitoka ndani ya chumba, kikavuka ukumbi, kikamkuta baba yake nje, ambaye wakati huo alikuwa amelifungua gurudumu la nyuma la baiskeli ya Mzee Zubeiri, muuza mikate ya mofa.

"Fundi," alisema Zubeiri, aliyekuwa ameketi juu ya kreti la soda, "mwanao anakuita."

"Nasikia, mzee."

"Na gurudumu langu nalo linakuita. Tofauti ni kwamba lenyewe lina adabu, halipigi kelele."

Lakini masikio ya Castory yalikuwa ndani. Na huko ndani alikuwa ameinuka Bibi Dorkasi, mama mzazi wa Devota, aliyekuja kutoka Muheza kumwangalia mzazi. Mlezi wa watoto tisa, mkandaji wa matumbo, mwanamke ambaye hata jogoo wa jirani alisubiri amalize kusema ndipo awike. Bibi Dorkasi alifungua kikapu chake, akatoa mizizi mitatu aliyoichimba kwa mkono wake, akaitia katika kikombe cha bati, akamimina maji ya moto, akafunika kwa sahani, akanena.

"Hili ni chango. Nimeliona kwa watoto tisa, nami silisahau. Maji haya yakishakuwa na rangi ya chai ya rangi, mjukuu wangu atakunywa vijiko viwili, na nyumba hii itapata utulivu."

Devota alimpandisha mtoto begani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, muuguzi wa kliniki alisema asipewe kitu, hata maji matupu, mpaka atimize miezi sita. Maziwa yangu tu. Nilimwahidi. Na baba yake alikuwapo, naye aliahidi."

"Huyo muuguzi amezaa wangapi?"

"Hajaolewa bado, mama."

"Basi," alisema Bibi Dorkasi, na katika neno hilo moja kulikuwa na hukumu, rufaa na utekelezaji.

Hapo Castory aliinuka. Na ili ukubwa wa kuinuka kwake ueleweke, yafaa ifahamike kwamba baina yake na mama mkwe wake palikuwa na pazia. La kitambaa lilikuwapo, lenye maua ya buluu, mlangoni pa chumba. Lakini jingine lilikuwa la heshima, nalo lilikuwa zito kuliko lile. Kwa desturi aliyolelewa nayo Bibi Dorkasi, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, haketi naye chumba kimoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Miaka mitatu ya ndoa ilikuwa imepita, na kila neno baina yao, hata la kuomba chumvi, lilikuwa limesafiri kupitia kinywa cha Devota, ingawa mara nyingi wote watatu walikuwa umbali wa hatua mbili na wote walikuwa wakisikia.

Castory alifika mlangoni, akapiga hodi, akaingia kinyumenyume.

"Devota," alisema Bibi Dorkasi, akigeuka upesi kuelekea ukutani na kujifunika khanga kichwani, "mwambie mumeo hilo karai libaki nje. Mtoto hatafutwi pancha."

Castory akatazama mkono wake. Ni kweli, alikuwa ameshika karai la maji, lile atumbukizalo tyubu ili aone mapovu yanakotokea.

"Mama anasema karai libaki nje," alisema Devota.

"Nimesikia. Mwambie nimekuja nalo kwa mazoea."

"Anasema ni mazoea, mama."

"Nimesikia. Mwambie mazoea yaishie mlangoni, na anawe mikono kwa sabuni. Mara tatu."

Naye akatoka na karai lake, akanawa mara tatu, na grisi ya miaka kumi na minne ikatoka kwa kusitasita. Kisha akasimama mbele ya pazia, akavuta pumzi, akatoa hotuba.

"Mwambie mama hivi. Mimi Castory niliishia darasa la saba, sijui mizizi, sijui utabibu, wala sibishani na mtu aliyelea tisa. Lakini hewa naijua. Nimeitia, nimeitoa, nimeifuata kila ilikojificha, tena katika matairi ambayo wenzangu waliyakatia tamaa. Mtoto wangu amemeza hewa pamoja na maziwa, na hiyo hewa imekosa njia ya kutokea. Naomba nipewe muda, mpaka maji ya kikombe yageuke. Nikishindwa, mtoto ni mjukuu wake; atampa anachoona kinafaa, nami ahadi yangu ya kliniki nitaimeza."

Devota, aliyekuwa amechoka, akageuka. "Anasema ni hewa. Anaomba muda."

Bibi Dorkasi akainua sahani kidogo, akachungulia. Maji yalikuwa bado ya manjano hafifu.

"Mwambie muda wenyewe umo humu kikombeni."

Ndipo vita vikaanza. Castory akaingia tena, akamtwaa mwanawe, akamlaza begani, akampigapiga mgongo kwa kiganja kilicholegezwa. Adui akatulia, akapeleleza, kisha akajibu kwa hila: badala ya hewa yakatoka maziwa, yakateremka mgongoni mwa shujaa mpaka kwenye mkanda wa suruali. Kilio kikarudi, na safari hii kilikuwa na nguvu mpya.

"Begani pamekushinda," alinena Devota.

"Begani ni kilima tu. Ngome iko chini."

Akamlaza mtoto chali juu ya khanga, akaishika ile miguu miwili, ambayo kila mmoja ulitosha katika kiganja na nafasi ikabaki, akaanza kuizungusha polepole, mmoja juu mwingine chini, kama fundi anayejaribu pedeli baada ya kuutia mnyororo mafuta. Alizungusha bila pupa, akisikiliza. Dirishani kikatokea kichwa cha Mzee Zubeiri chenye kofia nyeupe.

"Kwa mwendo huo," alisema Zubeiri, "kabla ya magharibi atakuwa amefika Pongwe."

"Devota, mwambie huyo mwenye mofa kwamba dirisha si la kuchungulia watu," alisema Bibi Dorkasi.

"Shikamoo, bibi," alisema Zubeiri. "Simchungulii mtu. Namchungulia fundi wangu, asije akamtia mtoto breki nikakosa zangu."

"Marahaba. Ondoka."

Zubeiri akaondoka. Na papo hapo, lango la nyuma la ngome likafunguka, ikatoka sauti ambayo kalamu yenye adabu haiandiki. Itoshe kusema kwamba ilikuwa fupi, kavu, na ilizidi umri wa mwenyewe. Abrahamu akanyamaza. Castory akainua kichwa kama mshindi. Devota akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, akafika kumi na moja, na mtoto akalia tena, maana jeshi lililotoka lilikuwa la nyuma tu, na jeshi kubwa lilikuwa limebaki juu.

Sahani ikalia juu ya kikombe. "Rangi ya asali," alitangaza Bibi Dorkasi ukutani.

Devota akamtazama mumewe, na machozi yakawa karibu. "Baba Abrahamu, nitamwambia nini yule muuguzi Alhamisi tukirudi kliniki?"

Swali hilo lilimchoma Castory kuliko msumari unavyochoma tairi jipya. Akasimama katikati ya chumba, mikono imeshuka. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto. Kwa miaka kumi na minne, kila tyubu iliyotoka kuzibwa aliilaza juu ya mkono huo, tumbo chini, akaitembeza mpaka kwenye pampu. Akamtwaa mwanawe, akamlaza vilevile, kifudifudi juu ya mkono, shavu likiegemea karibu na kiwiko, kiganja kikishika paja. Mkono wa kuume akauweka mgongoni. Akatembea. Kutoka kitandani mpaka mlangoni zilikuwa hatua saba, na kurudi saba. Alizitembea mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Katika hatua ya nne ya safari ya tano, Abrahamu alipiga mbweu.

Haikuwa mbweu ya mtoto wa siku kumi na sita. Ilikuwa mbweu ya mzee wa baraza aliyemaliza pilau ya arusi. Ilijaza chumba, ikatikisa pazia la maua ya buluu, ikatoka mpaka barabarani.

"Fundi," iliuliza sauti ya Zubeiri nje, kwa hofu, "hilo ni gurudumu langu la mbele?"

Tumbo likalegea. Ngumi zikafunguka, kidole kwa kidole. Mtoto akatafuta ziwa, na Devota akaketi, akamnyonyesha. Castory akageukia mlango kwa heshima. Lakini mtu haachi masikio yake nje kama karai, na hayo masikio yakanasa kitu. Ch. Ch. Sauti ndogo, kama ya tundu la mwiba.

"Hapo," alisema bila kugeuka. "Hewa inaingilia hapo. Pembeni mwa mdomo."

Devota akapenyeza kidole, akamtoa mtoto taratibu, akangoja afumbue kinywa kwa upana, akamvuta karibu mpaka ziwa likaingia vema na mdomo wa chini ukapinduka nje. Ile sauti ikakoma. Pakasikika kumeza tu, kumeza kwa mtu mwenye haki yake.

Bibi Dorkasi akainua sahani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi, barabara. Akamtazama mjukuu, ambaye usingizi ulikuwa umemkuta kazini, na tone la maziwa kidevuni. Akakitazama kikombe.

"Mizizi hii nimeichimba mwenyewe kwenye mteremko wa kwetu," alisema, bila kuelekeza kwa mtu. "Siimwagi."

Na hapo tumbo la Castory, lililobeba makopa ya muhogo na maharage tangu saa saba, likanguruma.

Bibi Dorkasi akauacha ukuta. Akavuka chumba, akasimama mbele ya mkwe wake, akanyoosha kikombe.

"Baba Abrahamu," alisema. "Kunywa."

Devota alikuwa amefungua kinywa ili apeleke ujumbe, akakifunga, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umefika. Castory akakipokea kwa mikono miwili, macho yakiwa sakafuni, akanywa mpaka mizizi ikamgusa meno. Ulikuwa uchungu wa kumvua mtu viatu. Kisha yeye naye akapiga mbweu, na mtoto akafumbua jicho moja, akaitambua sauti ya ukoo wake, akalifumba.

"Hata na wewe chango lilikuwamo," alisema Bibi Dorkasi, akarudi kuketi. Wala hakuugeukia ukuta tena.

Castory akatoka nje, akalishika gurudumu.

"Mkwe wako amekusemesha?" aliuliza Zubeiri. "Wewe mwenyewe, mdomo kwa sikio?"

"Amenisemesha."

"Amesemaje?"

"Kunywa."

Mzee Zubeiri akavua kofia yake, akaishika kifuani, asiirudishe kichwani mpaka pancha ilipokwisha kuzibwa. Na watakaohesabu siku kuu za Nguvumali, wakitaja reli ilipofika na umeme ulipowaka, wasiiruke Jumanne hii, ambayo Abrahamu alipumua, na Castory akaitwa Baba Abrahamu kwa kinywa cha mama mkwe wake mwenyewe.