Keki ya Kisibiti na Upande Mtupu wa Kochi

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Jioni ya nne sasa Muriel anavaa koti, anavuka ua na kwenda kwa jirani kuangalia filamu. Jirani mwenyewe ni Cedric Plumtree, mjane, televisheni yake kubwa kama mlango wa kanisa. Kila jioni filamu za zamani: mabibi wenye magauni ya kuburuta, mabwana juu ya farasi, barua zinazochelewa. Halafu ati anaoka! Keki laini yenye jemu katikati.

Nilimwambia Muriel kwamba hata sisi tuna televisheni. Akasema ndiyo, mpenzi, na ni nzuri sana. Akaondoka.

Miaka thelathini na minne ya ndoa. Nimekaa na kitabu changu cha historia ya mabomba ya maji, upande wangu wa kochi. Upande wake una bonde la makalio yake. Nimeliangalia zaidi ya kitabu. Ninamtaka arudi, na atarudi. Sikufanya kazi idara ya maji miaka yote ile nisijue kuziba panapovuja.

Jumanne, 4 Novemba

Dawa ya moto ni moto. Nimeoka keki ya kisibiti, zile mbegu ndogo zenye harufu kali, kipenzi cha Muriel. Aliionja mara ya kwanza fungate yetu, pale Scarborough, akasema, "Nzuri sana, Desmond." Tangu hapo kila Jumanne namwokea, sijakosa hata nilipovunjika mguu.

Saa kumi na moja nikafunga mapazia. Nikakoka moto. Nikaazima filamu maktaba, ya malkia fulani na wajomba zake wabaya. Chai tayari, maziwa kwanza kama anavyotaka. Hata soksi nilibadilisha!

Muriel akala kipande. Akasema nzuri sana. Kisha akasema haifai tuile peke yetu wakati Cedric hana mtu, akaifunga keki nzima kwenye kitambaa na kuondoka nayo.

Nimeangalia filamu peke yangu. Wajomba wana hoja.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku wa fataki. Kijiji kizima kimekusanyika uwanjani nyuma ya nyumba zetu kuchoma lile sanamu la matambara, kama kila mwaka. Nikaona ndiyo nafasi: nani atanitazama mimi, mzee Ollerenshaw? Nikapanda juu ya pipa la taka kuchungulia dirisha la Cedric.

Nilichokiona kimenichoma. Keki yangu, juu ya kimeza cha kulishia ndege bustanini kwake! Nzima, imepungua kile kipande kimoja tu. Hata kunguru wameiruka.

Mara fataki ikapasuka, mbingu ikawa ya kijani. Watu sitini wakaniona juu ya pipa, nimekumbatia uzio. Wote wakarudisha macho juu, kwenye fataki. Sisi huku hatumwaibishi mtu, tunamwacha aaibike mwenyewe. Cedric alitoka, akasimama chini ya pipa na kusema, "Kumetulia leo, Bwana Desmond. Hakuna upepo." Nikakubali hakuna upepo. Akasema yaelekea kesho kutakuwa na ukungu. Nikasema huenda. Mtaani kwenye watu wenye akili angenitukana, ningemtukana, yakaisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Ukungu. Mshenzi yule alijua.

Nimemwandikia Cedric barua kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimesema huenda ninakosea, na samahani sana kwa usumbufu, lakini nimeshangaa kidogo. Kidogo! Nimeipenyeza chini ya mlango wake.

Alikuja kabla ya chakula cha mchana, kofia mkononi, uso mwekundu. Akasema asingependa kusema, kwa kweli asingependa, lakini keki ile hakuiweka yeye pale. Akasema na maua yangu mwaka huu yamependeza. Akakimbia.

Nikamwita Muriel. Nikamuuliza nani ameweka. Akaketi kwenye ngazi.

"Mimi, Desmond. Sipendi kisibiti. Sijawahi. Inanukia kama dawa ya minyoo."

Na Scarborough?

"Nilikuwa bibi harusi wa siku mbili! Ulitaka nikwambie inatapisha? Mama alinionya, chochote atakachokupa, sema nzuri sana. Nikasema. Basi ukaleta tena. Na tena! Sasa kule kwa Cedric ninapata keki isiyo na mbegu, ndiyo hivyo tu."

Nilikaa chini mwenyewe. Nikamwambia kwamba mimi pia sipendi. Mbegu zinaniingia kwenye meno ya bandia. Nilikuwa ninaila kwa ajili yake.

Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, tukacheka mpaka akashika ubavu. Keki zaidi ya elfu moja na mia saba, na hakuna aliyezitaka! Nikamwambia kwamba nyumba inapwaya bila yeye. Sijui ilinitokaje. Akanishika mkono na kusema mbona hukusema, mjinga wewe, ningekaa.

Tumeapa. Kuanzia leo ndani ya nyumba hii ni ukweli mtupu. Ninajisikia kama kijana wa miaka hamsini.

Jumamosi, 8 Novemba

Muriel alikaa nyumbani jana. Kochi, moto, blanketi moja, filamu moja. Saa nzima ikapita bwana hajashuka farasini. Bibi akaandika barua. Akaichana. Akaandika nyingine. Nilijibana paja nisilale.

Muriel alikuwa analia kwa furaha. Akanigeukia, akaniuliza kama ninaipenda, nimwambie kweli kabisa. Macho yake yaling'aa hivi. Nikasema sijawahi kuona nzuri kama hii.

Akapiga makofi. Akasema kumbe! Basi Cedric anazo nyingine ishirini za namna hiyo, na maskini amechoka kukaa peke yake, kwa hiyo atamwalika aje kwetu kila jioni hadi Krismasi, kama mimi sina neno. Nikasema wazo zuri sana.

Amekuja leo saa kumi na mbili, televisheni kwenye toroli. Kochi letu ni la watu wawili. Muriel amekaa upande wake, Cedric upande wangu, na blanketi limewatosha vizuri. Mimi niko kwenye kigoda cha jikoni, karibu na mlango unaopitisha baridi. Muriel ameniuliza kama kigoda kinaniumiza. Nimemwambia nimekuwa nikikipenda siku zote.