Mijusi Sita Ndani ya Hotipoti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Wakurugenzi wanne wa makumbusho wameingia wanene na kuondoka kwenye jeneza, mimi nipo. Mlango wa stoo nilioulinda umeliwa na mchwa mara mbili, mimi nipo. Shule nilisoma miaka miwili, ikatosha. Naandika ili watu wasije wakapotosha.

Kuna binti amekuja, mtaalamu wa mijusi. Yupo mjini tangu Jumamosi, leo kaingia stoo, nami nikaitwa kwa sababu ya chupa yangu. Rafu ya tatu, ndani ya spiriti: mjusi mweusi, laini kama sabuni. Ukimtazama ovyo utasema ni hawa wa ukutani. Lakini mtaalamu wa zamani alihesabu magamba kuzunguka kiuno, akapata ishirini na nane. Hawa wengine wana thelathini na nne. Kibandiko kina jina langu, na mahali nilipomkamata: kileleni pa mlima. Miaka arobaini nimewaambia wanafunzi, wageni na mke wangu kwamba duniani yuko pale tu, na aliyempata ni mimi.

Binti anataka kujua mawili: kama kweli ni aina ya peke yake, na anaishi wapi. Ramani yake ina nukta moja, pale mlimani. Misafara mitatu imepanda, haikuona hata mkia. Alhamisi anapanda yeye. Asipomkuta, nukta inafutwa, chupa inashushwa kwenye boksi la wasiojulikana walikotoka, na jina langu linapigwa mstari.

Nilicheka. Kisha nikauliza Alhamisi saa ngapi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Sikulala vizuri. Daftari halina mdomo, basi niseme. Mlimani sikupanda. Jua lilikuwa kali siku ile. Nilitumwa pamoja na dereva wa makumbusho, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tukapumzika kwake. Mjusi nilimkamata nyuma ya choo chake, yeye akikoroma garini mdomo wazi. Kutoka pale hadi mlimani ni mwendo wa saa mbili. Nani angepima?

Dawa ni rahisi. Kama mjusi hayuko mlimani, apelekwe.

Nimekwenda kwa shemeji mchana. Nimemdanganya kwamba natafuta mijusi wa kula mende jikoni. Hakuuliza kitu. Kavuta kigoda, kakaa na chai yake, akanionyesha mpaka jiwe wanapoota jua. Akasema, “Taratibu shemeji, huyo wa kushoto mzito, mkamate shingoni.” Ukarimu wa ghafla. Nimeuhesabu kuwa ni uzee, ana miaka sabini na sita.

Nimepata sita. Wamo kwenye hotipoti ya mke wangu, kifuniko nimekiegemeza wapate hewa. Mjusi anapenda joto. Wataalamu hawajawahi kufikiria hotipoti.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepanda. Mara nne nilikaa chini, mara moja nilikaa bila kupenda. Hotipoti kifuani kama mtoto mchanga. Kila jiwe likibingirika nageuka nyuma, nikidhani ni binti kabadilisha siku.

Saa saba nimefika kileleni. Kuna jiwe moja kubwa. Miaka arobaini nawaambia watu yapo mawili.

Nimewaachia wote sita kwenye ufa wenye jua. Mmoja aligoma kutoka, nikamtikisa. Kanitazama kama mtu anayekusudia kwenda kushtaki.

Nyumbani mke wangu kakuta mkia unachezacheza ndani ya hotipoti. Nikamwambia ni uzi. Akasema uzi wa kwao haujawahi kumkimbia. Sasa hotipoti ni yangu, hataki kuiona.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Binti kaniomba nimwongoze, na shemeji kajileta eti kubeba maji. Njia nilikuwa naijua kama kiganja, tangu jana. Binti kanisifu. Shemeji kakohoa.

Kileleni binti kaanza kukagua nyufa. Dakika kumi hakuna kitu. Ishirini. Nikafikiri wameshuka, wamerudi chooni kwao. Mara binti kalala kifudifudi, kaingiza mkono ufani, katoka naye. Nikasema kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba mimi sishangai.

Akamgeuza tumbo juu.

Tumboni kumeandikwa namba: nne. Nyekundu, ya rangi ya kucha.

Binti kamwachia. Kakamata wa pili: namba moja. Kaandika kwenye kijitabu chake, kafunga. Shemeji kaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia anywe mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna aliyeniita. Nimepita mbele ya makumbusho mara tano. Mara ya sita mlinzi kaniuliza kama nimepoteza kitu. Chupa sijui iko rafu gani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeitwa. Binti mezani, shemeji keshakaa, mguu juu ya mguu.

Binti kasema Jumapili iliyopita alialikwa chai kwa shemeji, akakamata mijusi sita nyuma ya choo, akawatia namba, akawaachia. Kote alikopima, kuta za mtaa ule hadi mtoni, magamba ni ishirini na nane. Kwa hiyo ni aina ya peke yake, nilisema kweli. Moyo ukatua. Kisha akasema, “Lakini babu, huyu wa kwenye chupa ulimkamata wapi hasa?”

Nikasema kumbukumbu ina ukungu. Nikasema jua la siku ile. Binti kashika kalamu, anangoja, jina langu liko chini ya ncha yake.

Nikasema: nyuma ya choo.

Shemeji akasema, “Malizia, shemeji. Choo cha nani?” Kumbe siku ile alilala jicho moja wazi.

Kibandiko kipya kimeandikwa mbele yangu. Aliyemkamata, mimi. Mahali, nyuma ya choo cha shemeji, na jina lake kamili, herufi kubwa kuliko zangu. Rafu ya tatu. Milele.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeitazama ramani ya binti vizuri. Nukta zote ziko upande huu wa mto. Ng'ambo hajapima mtu. Ng'ambo anaishi binamu yangu, ana ukuta mzuri wenye jua na hana choo karibu cha kuandikwa kwenye kibandiko. Binti anavuka Jumatano. Nimeshasugua hotipoti, na safari hii nitakagua matumbo.

Nilichoandika ni kweli tupu. Anayebisha amwulize mke wangu habari za uzi. Shemeji asiulizwe, ana chuki. Shahidi wangu mkubwa ni namba nne: alikuwamo ndani ya hotipoti njia nzima, na kileleni tulifika pamoja.