Milango ya Sainte-Odile

"Itangazwe kwa wakazi wote wa Kolwezi, pamoja na wale wanaofukuzwa, kwamba jumba la kihistoria la shamba la Sainte-Odile litarudishiwa fahari yake kwa michango ya wananchi wenyewe." Ndivyo lilivyosema tangazo la Kamati ya Urithi, mwaka 1993, na Kisimba, katibu, ndiye aliyelipiga kwa mashine bila kosa hata moja.

Mwaka huo mgodi ulikuwa umelala, mishahara hakuna, na Wakasai wote, hata waliozaliwa papa hapa, walikuwa wameamriwa kwenda stesheni kungoja gari-moshi la kuwapeleka jimbo la asili yao, Kasai, ambako wengi hawakuwahi kufika. Mtu wa akili finyu angesema huu si wakati wa kukarabati nyumba ya Mzungu aliyefuga ng'ombe njia ya Nzilo. Mheshimiwa Mukalay, mwenyekiti, hakuwa na akili finyu. Jumba lilikuwa na matundu ishirini na mawili ya milango, mlango hata mmoja hakuna. Wakasai walikuwa na milango, nyumba hawana tena. Ukaanzishwa Mchango wa Hiari, na askari wawili wakapita mtaa kwa mtaa na bisibisi kuupokea.

Kisimba alitoa mfano mwema. Mkewe, Tshibola, alikuwa Mkasai, kwa hiyo jina lake liliingia katika orodha mahali pake pa alfabeti, na mlango wao ukawa wa kwanza kung'olewa.

"Tata Jessica, ni weye uliandika jina yangu?" Tshibola alimuuliza mumewe.

"Ni kazi ya biro ya Kamati, mama Jessica. Mi napiga tu mashine."

Tshibola akajitwika godoro akaenda stesheni. Jessica, binti yao, ambaye Kamati ilimhesabu kuwa nusu, alimfuata mama yake mzima mzima. Ufunguo wa mlango Tshibola aliufunga kwenye ncha ya kitenge, na wenzake walifanya vivyo hivyo. Kamati haikuuliza habari za funguo, maana fomu haikuwa na nafasi yake.

Wiki sita gari-moshi halikufika. Siku ya uzinduzi ikafika kabla yake. Mukalay alikata utepe, akaingia chumba cha kulala cha Mzungu, ambacho sasa kilikuwa na mlango wa Kisimba, na ili kuonyesha uimara wake akaubamiza akiwa ndani. Kitasa kilikuwa cha kujifunga chenyewe, na bila ufunguo hakikufunguka hata kwa ndani. Dirisha lilikuwa na nondo mpya dhidi ya wezi. Kuvunja hakukuwezekana, kwa kuwa kifungu cha nne, alichokitunga Mukalay mwenyewe, kiliahidi miaka mitano kwa yeyote atakayekwaruza urithi. Mafundi kufuli wa mji mzima walikuwa stesheni.

Kisimba alimkuta mkewe akisonga bukari, ugali wa huko, katikati ya mizigo. Aliona aibu, aibu ya kweli, hata akaeleza habari yote akitazama sufuria.

"Funguo iko," alisema Tshibola. "Lakini mi sirudie peke yangu. Tutarudia bote, ao hakuna mutu anarudia."

Mukalay, kutoka nyuma ya nondo, aliuliza kama mtu mmoja hatoshi. Kisha akauliza kama kuna chakula. Kisimba hakuhitaji kuandika orodha mpya. Aliichukua ile ile ya wafukuzwa, majina mia nne na kumi, akabadilisha kichwa tu: Orodha ya Walinzi wa Funguo, Wasioondoka. Mukalay aliisaini dirishani na kuigonga mhuri ule ule aliowafukuzia.

Tshibola hakufungua siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango, orodha mapajani, mpaka jamaa ya mwisho ilipopita kizuizi cha askari wa stesheni kurudi mtaani, na kwa kuwa mizigo ilikuwa mingi, hilo lilichukua siku tatu. Mheshimiwa alilishwa bukari kupitia nondo. Siku ya nne alitoka amekonda, akatoa hotuba fupi ya shukrani. Nyuma yake bisibisi za wenye milango zilikuwa zikizunguka, na jioni taarifa ya Kamati ilieleza kwamba Sainte-Odile sasa iko wazi kwa umma, vyumba vyote.

Kisimba alibeba mlango wao mgongoni hadi nyumbani, akaupachika, akapangusa jasho. Tshibola akamwingiza Jessica, akaingia, akaubamiza.

"Mama Jessica," Kisimba aliita baada ya muda, "unifungulie."

"Ngojea kwanza," Tshibola alijibu kutoka ndani, na karatasi za orodha zikasikika zikifunuliwa. "Naangalia kama jina yako iko kwa liste."