Kampuni Tatu, Kambi Moja

Jumatatu, 4 Machi
Leo ni leo! Biashara ya simu imefunguliwa. Lile shirika la serikali lililotuhudumia kambini tangu enzi za babu halina ukiritimba tena. Kampuni tatu zinatugombea. Na kamanda kamwachia nani kazi ya kuchagua? Mimi, koplo wa swichibodi! Mambo yakinyooka, nitavaa utepe wa tatu, niitwe sajini. Yakipinda, swichibodi atapewa koplo wa redio, yule shingo ndefu tunayemwita Antena. Thubutu!

Jumanne, 5 Machi
Wauzaji wote watatu wamekuja. Mmoja kaleta kofia, mwingine mwavuli, wa tatu keki. Nimkatae nani? Uso umeumbwa na haya. Nikapata wazo la kijenerali: kila mmoja apewe kipande. Getini kampuni ya kofia, jikoni ya mwavuli, ofisi ya kamanda ya keki. Antena akauliza kama simu za huku zitaingia kule. Wivu tu. Mke wangu naye kauliza hilohilo, mdomo umejaa keki.

Alhamisi, 7 Machi
Simu mpya zinang'aa. Mpishi kajaribu kupiga getini: kimya. Kumbe kampuni hizi zimenuniana, hazipokeleani simu! Nimemshauri afungue dirisha aite.

Ijumaa, 8 Machi
Zoezi la dharura, brigedia mwenyewe akitazama. Kamanda akainua simu kuamuru geti lifungwe. Bibie mwenye sauti ya asali akamjibu kwamba huduma hiyo haipatikani, ila akibonyeza moja atapata wimbo wa mapenzi. Kwa haraka akabonyeza. "Maadui" wa zoezi wakapita getini taratibu, wakaketi bwaloni, wakala chakula chetu. Ndipo Antena alipopuliza filimbi na geti likafungwa, wao wakiwa ndani wanaongezewa mchuzi.

Kamanda akaniita. "Koplo, kutoka hapa nikirusha jiwe linafika getini. Kwa nini simu haifiki?"

Nikamweleza kwamba huo ndio ushindani, afande. Brigedia alicheka mpaka akavua kofia.

Jumamosi, 9 Machi
Swichibodi kachukua Antena. Mimi nimetupwa stoo ya jikoni. Iliniuma, sikatai. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Mpishi kanidokeza kwamba ununuzi wa jikoni nao umefunguliwa, na Jumatatu wanakuja wauzaji wawili wa vyombo. Ya nini kumvunja mtu moyo? Huyu atatuletea masufuria, yule mifuniko.