Bawa la Odile na Chungu cha Maharage

Ijumaa, 28 Februari 1969
Ukungu. Dege jipya la Konkodi, lililokuwa liruke mara ya kwanza leo, halikuruka. Mjukuu wangu Odile ni mmoja wa waliochora bawa lake, miaka mitano kainamia meza. Nimemwahidi nitaliona likiondoka. Mahali pa kuliona ni banda la njiwa la jirani Fernande, juu ya paa lake, linalotazama uwanja wa ndege, na hatujasemeshana tangu bata bukini wangu wamalize saladi ya bustani yake. Mpango: nimechinja bata mmoja, nimemwoka na maharage, dirisha wazi ili harufu imfikie. Kufika saa sita Fernande yuko mlangoni, anauliza kama kuna harusi. Tumekubaliana. Yeye banda, mimi chungu.

Jumamosi, 1 Machi
Ukungu tena. Chungu kimerudi tanurini. Ukoko unaojitanda juu huzamishwa mchuzini kwa mwiko mara saba, ndivyo alivyofanya mama. Nimefika ya sita. Fernande anasema dege lisilo na mkia wa kulala kama madege mengine, pembetatu tupu, litatua kwa pua. Nikamwambia shule sikuiona, lakini bata nimewafuga miaka sitini, na bata hutua kwa kifua. Akasema basi hilo dege nilipake mafuta nilioke.

Jumapili, 2 Machi
Jua. Saa tisa tuko bandani. Hakuna kinachosogea. Nikakumbuka ukoko. Nikashuka, dakika moja tu. Nyumba ikatetemeka, vijiko vikacheza. Fernande juu: "We Noémie, linaondoka! Unamwokoa nani huko chini?" Nimefika na mwiko mkononi, mbingu tupu. Nimekaa kwenye mavi ya njiwa nikalia. Fernande akanifuta uso kwa aproni yake. Kwa huyo, ni muujiza.

Kisha likarudi. Jeupe. Pua imeinama, kifua juu, miguu mbele, na bawa lile pana limeilalia hewa kama bata anavyolilalia bwawa. Hakuna cha mkia. Moshi kidogo kwenye magurudumu, basi. Sijaona kitu kizuri hivyo tangu nizaliwe. Fernande akasema haya mama, mjukuu wako anajua kuchora bata.

Jumatatu, 3 Machi
Odile kaja, kauliza liliondokaje. Nimesema kama malaika. Kauliza magurudumu yaliachia ardhi wapi. Nimempakulia sahani ya pili. Anasema huenda likaruka tena Jumamosi. Vizuri. Maharage nimeshaloweka. Safari hii ukoko nauzamisha mara nane, kabla sijapanda bandani.