Malalamiko Juu ya Msumeno Unaowaka kwa Kuvutwa Mara Moja

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Bustani na Miti,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaofanya kazi upande ule wa jengo wenye kiyoyozi. Mimi ni mkata miti wa idara yako, mwaka wa ishirini na mbili sasa, yule ambaye wenzake humwita Daktari. Kama hunikumbuki, ni yule aliyesimama nyuma kabisa kwenye picha ya siku ulipokaribishwa kazini, uso wake umefunikwa na shada lako la maua. Siku ile sikulalamika. Leo nalalamika.

Wiki tatu zilizopita ofisi yako ilituletea misumeno miwili mipya ya mnyororo, ile ambayo sisi wa karakana tunaiita chenso, tuijaribu kabla hamjanunua. Mmoja mwekundu, mwingine wa manjano. Tukaagizwa tuilinganishe na ule wetu wa zamani kwa mambo matatu, yaani nguvu, ushikaji na matumizi ya kila siku, kisha kila mtu aandike maoni yake kabla ya Ijumaa, siku ambayo muuzaji atakuja kuchukua usiotakiwa. Wenzangu wameshajaza fomu zao. Dereva ameandika "Mwekundu safi sana" akaweka sahihi. Mpanda miti wetu, tunayemwita Kima kwa ajili ya kazi yake na wala si sura, ameandika neno moja tu, "Mwekundu", akalipigia mstari mara tatu. Ni watu wema, lakini hawaoni mbali. Mimi naomba misumeno yote miwili mipya irudishwe ilikotoka, na wa zamani uendelee na kazi.

Kabla sijataja sababu, umfahamu huyo wa zamani. Tunamwita Mama Mkwe, na hilo ni jina la heshima. Mama Mkwe huwezi kumwendea ukiwa na haraka. Unachomoa plagi ya injini, unaipasha moto kwenye jiko la mama wa chai, unairudisha ikiwa bado inaunguza vidole. Unamlaza ubavu wa kushoto. Unaziba tundu la hewa kwa kiganja, unavuta kamba mara sita taratibu, halafu unamwacha apumzike kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Wakati huo Kima haruhusiwi kupiga mluzi. Kisha unavuta mara moja tu, kwa nguvu zote, huku unamsemesha. Maneno ninayomwambia siyaandiki hapa, kwa kuwa barua hii itapita mikononi mwa watu wengi.

Katika idara nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kumwasha. Mkuu aliyekutangulia alijaribu mbele ya wageni. Alivuta mara kumi na saba, bega likateguka, ikabidi nifuatwe nyumbani siku yangu ya mapumziko. Nilikuja na kandambili miguuni. Nikamlaza, nikamsemesha, akawaka. Watu waliovaa tai walinipigia makofi, Mkuu. Mke wangu hadi leo huwasimulia wageni habari hiyo, na mimi hujifanya nimechoka kuisikia.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Nguvu. Mwekundu una nguvu kupita kiasi. Ule mkaratusi wa nyuma ya bohari tulikuwa tumeupangia siku nne. Mwekundu uliumaliza kwa dakika ishirini na tano, na kumi kati ya hizo tulikuwa tunabishana utaangukia upande gani. Ilipofika saa nne asubuhi hatukuwa na la kufanya. Watu wanne waliofanya kazi pamoja miaka kumi na tisa katikati ya kelele, ambapo mtu hasikii hata chafya yake, tukalazimika kuongea. Nimegundua kuwa dereva ana maoni mengi kuhusu ndoa za watu. Nilikuwa sijui, na nilikuwa naishi vizuri tu.

Wa manjano nao una nguvu, sikatai, lakini ni mzito kama gunia la saruji lililonyeshewa, na ukiingia kwenye gogo unamvuta mtu mbele kama mbuzi aliyeona majani. Huo sina haja ya kuupinga, umejipinga wenyewe. Hatari ni mwekundu.

Maana kuna ile orodha ya miti mibovu ya mji mzima, sitini na minne, iliyoandikwa tangu enzi za mkuu aliyekutangulia. Kwa Mama Mkwe tulikuwa tunakata mitano au sita kwa mwaka, na kila mwaka mipya ilikuwa inaongezeka, kwa hiyo orodha ilikuwa na afya. Mwekundu ulikata minane kwa siku mbili. Nikapiga hesabu, nikaona orodha itakwisha kabla ya mwezi kwisha. Kama mkubwa wa kikosi nikawaambia wenzangu tuweke vifaa chini, tunoe minyororo, tupumzike kidogo, orodha ingoje. Nilifanya hivyo kwa kuilinda idara. Idara iliyomaliza kazi yake ni idara gani? Swali hilo nakuachia ulifikirie ukiwa umekaa.

2. Ushikaji. Mwekundu ni mwepesi na hautetemeki. Wasiojua watasema hiyo ni sifa. Mimi mikono yangu imetetemeka miaka ishirini na mbili kwa ajili ya Mama Mkwe, na nyumbani wanajua kunijazia kikombe nusu tu. Wiki ile ya kwanza ya mwekundu nilikunywa chai bila kumwaga hata tone. Mke wangu akaweka chupa chini, akanitazama, akaniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Halafu kuna breki. Mwekundu ukiruka nyuma unajifunga wenyewe kabla hujashtuka. Mama Mkwe hana mambo hayo, na ndiyo maana nina hii alama kidevuni. Chuo sikupita, Mkuu. Alama hii ndiyo cheti changu, na sasa nitaonekana kama mtu aliyejikata wakati wa kunyoa.

Lakini lililonivunja moyo ni la katibu muhtasi wako. Alishuka karakana kutuletea fomu, akiwa na viatu vyake vya ofisini, akaomba aujaribu. Akavalishwa kofia na miwani, akaonyeshwa mambo mawili, akauinua kama anayetoka nao sokoni, akakata kipande cha gogo kikatoka laini kama sahani. Kipande hicho kipo mezani kwake sasa hivi, juu yake pana chungu cha maua. Sina ugomvi naye. Ni mtu mwenye akili na anajua kusalimia. Ila alichokifanya kwa robo saa, mimi kilinichukua miaka miwili na jino moja.

3. Matumizi ya kila siku. Hapa naomba uniwie radhi nikipandisha sauti. Mwekundu unawaka kwa kuvutwa mara moja. Umeuvuta, umewaka. Kisha iweje? Zamani nilipokuwa namwandaa Mama Mkwe, mafundi wa magari walikuwa wanaacha spana zao wanakuja kusimama mlangoni. Mama wa chai alikuwa anazima redio. Leo Kima anauwasha mwekundu kwa mkono mmoja, wa pili ameshika simu, na hakuna anayegeuka.

Jumanne iliyopita nilichelewa, nilikuwa nimekwenda kupimwa macho. Nilitembea kutoka zahanati hadi kazini simu mkononi, naangalia kila baada ya hatua chache kama mtandao upo. Mtandao ulikuwepo. Nilipofika saa tatu nikakuta kazi ya asubuhi, kupogoa matawi ya uani, imekwisha, pamefagiwa, na wenzangu wamekaa. Hakuna aliyenitafuta. Hawakufanya hivyo kwa ubaya, hawakuwa na haja tu. Iliniuma, Mkuu. Sitaki kuizungusha, iliniuma.

4. Hili ni dogo. Mwekundu umekuja na kitabu. Yale yote niliyojifunza kwa miaka sita kwa kuungua vidole, yaani namna ya kuchanganya petroli na oili, pembe ya kushika tupa unaponoa, dalili za kabureta iliyoziba, yamo ukurasa wa kumi na moja, pamoja na michoro. Mtu kwenye mchoro anatabasamu.

5. Hili ni lako wewe zaidi kuliko langu, na nakuomba ulisome mlango ukiwa umefungwa. Mwananchi akitaka kibali cha kukata tawi linalogonga bati lake, anakuja kwenye dirisha lenu mara ngapi? Mara ya kwanza anaambiwa mwenye faili hayupo. Mara ya pili faili lipo, mwenye muhuri hayupo. Mara ya tatu wote wapo, wino umekauka. Pale mapokezi yupo mtumishi anayejua nani asalimiwe kwanza na nani asiguswe kabla ya chai, na kwa sababu hiyo anaamkiwa shikamoo hata na watu waliomzidi umri. Huyo ndiye mimi wa upande wenu. Sasa mwananchi huyo apite barabarani aone chombo cha idara hii hii kinawaka kwa kuvutwa mara moja. Si atarudi dirishani na maswali?

Mimi na wewe, Mkuu, tunaheshimika kwa sababu mambo ni magumu. Yakiwa mepesi, mimi nitakuwa mzee mwenye kovu na wewe utakuwa mtu mwenye kiti kikubwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi wembe umeshanifika kichwani.

Kwa hayo naomba mwekundu na wa manjano yote miwili irudishwe Ijumaa. Naomba Mama Mkwe anunuliwe plagi mpya, ila isiwe nzuri sana. Naomba pia kianzishwe cheo cha Mwashaji Mkuu, nami niko tayari kukishika hadi nistaafu, na kitabu kile kiwekwe maktaba ya idara, ambako najua hakitasomwa.

Nisalimie naibu wako, na watu wa uhasibu, na mlinzi wa getini anayenidai kitambulisho kila asubuhi ingawa tumepanga nyumba moja. Katibu muhtasi naye nisalimie, umwambie chungu kisitoboke, maji yataozesha kile kipande chake. Nabaki mtumishi wako ambaye hajawahi kukusumbua kabla ya leo,

Daktari,
Kikosi cha Kukata Miti

Tanbihi. Barua hii niliimaliza jana jioni nikaiweka kwenye begi niilete leo. Leo asubuhi, kabla ya saa moja, upepo umeangusha mti katikati ya barabara ya kwenda hospitali. Nyuma yake ilikwama teksi, na ndani ya teksi alikuwamo binti yangu wa mwisho, uchungu umemshika, pamoja na mama yake. Mke wangu ndiye aliyenipigia simu. Karakana iko hatua mia mbili kutoka pale. Nilikimbia, nikambeba Mama Mkwe, kwa kuwa mkono ulijiendea wenyewe.

Nilimlaza barabarani. Moto wa kupashia plagi haukuwepo, nikaisugua kwenye shati. Nikaziba tundu, nikavuta sita, nikangoja. Nikavuta sita nyingine. Nilimsemesha kwa maneno yote ninayoyajua, mwisho nikawa namwomba. Watu walijaa pande zote mbili za mti na wote walikuwa wananitazama mimi. Kima alikuja akasimama nyuma yangu ameshika mwekundu. Hakuthubutu kuuwasha. Ndipo mke wangu akateremsha kioo cha gari akasema, wala hakupaza sauti, "Baba watoto, washa kinachowaka."

Nikauchukua mwekundu. Niliuvuta mara moja. Nikakata sehemu tatu, watu wakasukuma magogo pembeni, teksi ikapita. Hakuna aliyeniuliza nimeuwashaje, na mimi sikukumbuka kuangalia nani ananitazama. Mtoto amezaliwa saa mbili na dakika kumi, wa kike, yeye na mama yake wazima. Daktari wa kweli amesema wangechelewa nusu saa zaidi angekuwa ananiambia maneno mengine.

Kwa hiyo mwekundu usirudishwe. Yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba tano uyachukulie kama hayajaandikwa. Ningeandika barua nyingine, lakini bohari wanasema karatasi zangu za mwezi huu zimekwisha.

Jambo moja halimo kwenye fomu ya mtu yeyote. Mti ulioanguka leo ni wa tisa kwenye orodha. Tulikata wa nane siku ya pili, saa sita mchana, jua bado liko juu, na petroli ilikuwemo. Mimi ndiye niliyesema tupumzike. Wenzangu hawakuliandika hilo kwa kunistahi, basi naliandika mwenyewe.