Miwani ya Idara na Mlango wa Mkurugenzi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba Idara yetu ya Vyeti vya Kuzaliwa haina tena meza, haina viti, wala haina kompyuta hata moja inayoonekana, na kwa hiyo imeendelea. Natangaza mimi, mfagizi wa Idara, kwa sababu watumishi wengine wote mikono yao iko hewani.

Maendeleo yenyewe ni miwani. Zamani karani alikuwa na skrini mezani, na ukipita nyuma yake na ufagio unamwona anacheza karata. Sasa kila mtumishi ana miwani mizito myeusi, na skrini yake imo humo humo. Anaibeba popote aendapo. Anaweza kufanya kazi kantini, chooni, hata kitandani kwake, na wengi wamechagua kitandani. Wachache wanaofika wanasimama katikati ya chumba wakidonoa hewa kwa kidole kama kuku kwenye mtama. Mwananchi akisalimia, hajui kama anatazamwa au mwenzake yuko kwenye mpira.

Miwani hii ina ajabu moja, nami nilieleweshwa taratibu. Ukiivaa unaweza kuitundika skrini yako ukutani, na kila mwenye miwani ataiona palepale ulipoitundika. Asiye na miwani anaona ukuta. Mimi sikupewa. Niliambiwa vumbi halihitaji teknolojia.

Ndipo Mkurugenzi wetu akatoa Waraka Namba Nne, na Kamishna mwenyewe akautia saini. Waraka ulisema ukubwa wa skrini ufuate ukubwa wa cheo: Mkurugenzi ukuta mzima, Naibu nusu ukuta, karani kama kitambaa cha meza. Ukasema pia kwamba mtu yeyote asipite katikati ya skrini iliyotundikwa, kwani huko ni kupenya nyaraka za serikali kwa mwili. Na anayevua miwani saa za kazi ahesabiwe mtoro. Mimi nikakabidhiwa utepe wa manjano niubandike sakafuni chini ya kila skrini, ili tusioona tujue pasipopitika.

Haikuisha wiki, chumba kikajaa. Meza zilitolewa kupisha skrini, viti vikafuata, mwishoni mabenchi ya wananchi yakahamishiwa uani, juani. Watu wakichungulia dirishani wanaona ukumbi mtupu.

"Mlinzi, mbona nafasi tele humo?" aliuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Nafasi iko wapi? Pale kuna Naibu, pale kuna Naibu wa Naibu. Rudi nyuma, unataka kumkanyaga mtu?"

Mama akarudi nyuma, akaomba radhi kwa hewa.

Dereva wa Idara hakuwa na adabu hiyo. Alipita na mfuko wa karatasi katikati ya skrini ya Naibu, akasimamishwa kazi wiki mbili kwa kosa la kupenya waraka kwa kifua. Alijitetea kwamba hakuona kitu. Mkurugenzi akasema hilo ni kosa la pili.

Sasa na mimi nina langu. Mjukuu wangu yuko mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, na mwalimu alikuwa ameshasema wazi: cheti cha kuzaliwa kifike Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, la sivyo jina linatoka kwenye mtihani. Maombi yake nilikuwa nimeyapeleka miezi tisa nyuma. Yalikuwa yanangoja saini ya Mkurugenzi, na saini yenyewe ni kuchora kwa kidole hewani mara moja. Nilimkumbusha kila asubuhi nikifagia miguuni pake.

"Mama mfagizi," alikuwa akinijibu, "faili lako liko mbele ya macho yangu."

Ni kweli. Siku hizi kila kitu kiko mbele ya macho yake.

Alhamisi hiyo hiyo Kamishna akaja kuikabidhi Idara yetu tuzo ya Ofisi Iliyo Wazi. Mkurugenzi alituamrisha tangu asubuhi: kila skrini iliyokunjwa ikunjuliwe, kila orodha iwe wazi, mtu asikunje kitu mpaka mgeni aondoke. Kisha akajifungia ofisini kwake kufanya mazoezi ya hotuba.

Karani wa masjala, tunayemwita Vidole, akaanza kutokwa jasho. "Bibi, mimi ninayo orodha ya wanaosubiri. Tangu tuanze haijawahi kukunjuliwa."

"Ni kubwa?"

"Majina mia nne na kumi na mawili. Nitaitundika wapi na chumba kimejaa?"

Nikaangalia tepe zangu. Hakuna aliyejua sakafu ile kama mimi. "Ukuta ule wa ofisi ya bosi, upande wa huku nje, hauna kitu."

"Si ndiko kuna mlango?"

"Waraka haujataja mlango, mwanangu."

Vidole akafikiri, akadonoa hewa, akaitundika. Nami nikapiga magoti, nikabandika utepe kutoka pembe hadi pembe, nikiupitisha mbele ya kizingiti, umenyooka vizuri.

Kamishna aliingia saa nne na wapambe wake, wote na miwani. Akatafuta pa kuketi. Viti havikuwapo, nikamgeuzia ndoo yangu. Akaketi kwa heshima zote, tuzo mapajani.

"Mkurugenzi yuko wapi?"

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi akainua mguu kutoka, akauacha hewani. Tai ilimkaa vizuri.

"Nani ameweka hiki?"

"Masjala, bosi," alisema Vidole. "Ni ile ya wanaosubiri saini yako."

"Ikunje!"

"Uliagiza tusikunje mpaka mgeni aondoke."

"Isikunjwe," Kamishna alisema. "Nimekuja kuona uwazi. Hawa wa juu wamesubiri tangu lini?"

"Yule wa kwanza alikuwa mchanga, mheshimiwa," alijibu Vidole. "Sasa anakimbia."

Mkurugenzi akacheka kicheko cha mgeni msibani. "Basi, mheshimiwa, nivuke mara moja tu..."

"Uvuke nyaraka?" Kamishna aliuliza polepole. "Waraka Namba Nne nimeutia saini mimi. Yupo dereva nimesoma habari zake."

Mkurugenzi akatazama dirisha lake. Lina nondo, aliomba ziwekwe mwenyewe.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Yapunguze majina," Vidole alisema. "Ukisaini, jina linaondoka."

Akaanza. Kutoka uani tulisikia mashine ya kuchapia ikikohoa vyeti, mlinzi akiita majina, watu wakishangilia kama wameshinda kombe. Kufika saa sita alikuwa amevua koti. Kufika saa nane alikuwa akisaini kwa mkono wa kushoto. Kamishna aliletewa chai akiwa ameketi juu ya ndoo yake. Mimi nilifagia palepale, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

Saa tisa na robo Mkurugenzi akashusha mikono. "Tumemaliza. Limebaki moja tu, nitalisaini kesho."

"Utapita wapi?" aliuliza Kamishna.

Vidole akanieleza baadaye kwamba miwani ile imetengenezwa ijaze nafasi iliyopewa: majina yakipungua, herufi zinakua. Jina moja lililobaki lilikuwa limeuziba ukuta wote kuanzia dari hadi utepe wangu. Kila herufi kubwa kuliko mtu. Lilikuwa la mjukuu wangu, kwani maombi ya watu wa usafi hupangwa mkiani.

Mkurugenzi alilitazama, kisha akanitazama mimi, nadhani kwa mara ya kwanza. Akachora kwa kidole hewani.

Nilikichukua cheti mashineni kingali na joto, nikamwachia mlinzi ufagio, nikakimbia kwa miguu yangu hii. Mwalimu alikipokea saa kumi kasoro dakika sita, akaliacha jina kwenye mstari wake.

Kesho yake Mkurugenzi akaniita. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji.

"Bibi, nani alichagua ukuta ule?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi sina miwani. Mimi naona mlango tu."

Kumbe barua ilikuwa imeshafika. Kamishna amefurahishwa mno na ubunifu wa Idara yetu, vyeti mia nne na kumi na viwili kwa siku moja, na ameagiza kila ofisi nchini itundike orodha ya wanaosubiri mbele ya mlango wa mkubwa wake, kuanzia ofisi yake mwenyewe, awe mfano. Anaomba aazimwe mfagizi mwenye uzoefu.

Naenda Jumatatu. Vidole ameichungulia orodha ya huko, akanishauri nibebe utepe wa kutosha kuzunguka jengo.